Skuta za Umeme Schaerbeek. Sheria Yamkimbiza Mtoto, Duka Labaki Wazi

Mnamo tarehe 2 Juni 2025, mtoto wa miaka 11 aliyekuwa juu ya skuta ya umeme aligongwa na gari la polisi na kuaga dunia ndani ya Bustani ya Elisabeth, katika manispaa ya Ganshoren mjini Brussels. Mtoto huyo alikuwa akiwakimbia polisi waliotaka kumkagua, na kisa chote kilianzia kwenye hiyo skuta. Uchunguzi wa mahakama ulifunguliwa, na sisi hatuna haja ya kuwatangulia mahakimu katika kuamua nani alikosea ndani ya bustani ile. Lililotushughulisha ni swali lililoulizwa na wazazi wengi wa Kiafrika mjini humo tangu siku ile, hususan wale wanaoishi Schaerbeek, manispaa iliyo umbali wa kilomita chache tu upande wa mashariki: Je, ni sheria gani hii inayohusu kitu kinachouzwa dukani kama mchezo wa watoto, kisha mtoto anafuatwa kwa gari la polisi kwa sababu ya kukipanda?

Inafaa kuashiria hapa kwamba katika nchi za baridi kali, kanuni za vyombo vya burudani ni jambo la kawaida kabisa. Wasomaji wetu walioko Minnesota nchini Marekani wanaelewa vyema jinsi mabaraza ya miji huko yanavyojitungia kanuni za pikipiki za theluji na zile pikipiki za magurudumu manne za kupita porini: umri wa dereva, kofia ngumu, saa za kuendesha na njia zisizoruhusiwa. Ndugu zetu wa Muscat nao wanayajua magurudumu manne yanayopanda na kushuka vilima vya mchanga vya Bawshar. Schaerbeek haina mchanga, na theluji yake ni haba mno kiasi kwamba kanuni ya theluji anayoijua mkazi wa huko ni ile inayomtaka achukue koleo na kusafisha njia ya miguu mbele ya nyumba yake. Lakini chombo cha burudani kimefika huko pia, tena kwa umbo jepesi zaidi: kibao cha kusimamia, magurudumu mawili madogo, usukani na betri.

Schaerbeek ni manispaa ya pili kwa wingi wa watu kati ya manispaa 19 zinazounda Mkoa wa Brussels. Watu wapatao 130,000 wanaishi kwenye eneo la takriban kilomita nane za mraba. Kituo cha Treni cha Kaskazini kimo ndani ya mipaka yake, maduka ya Waturuki yamejipanga katika barabara ya Haecht, na Wamorocco, Wacongo, Warundi na Wanyarwanda wamechanganyika na Wabelgiji katika nyumba ndefu nyembamba za karne iliyopita ambazo nyingi hazina hata ua. Mwenye kuijua Lamu atacheka akisikia kwamba Schaerbeek nayo inaitwa mji wa punda. Zamani wakulima wake walikuwa wakipeleka matunda ya cheri katika soko la Brussels juu ya migongo ya wanyama hao, na wenyeji wa mjini wakawa wanawatania kwa jina hilo. Bustani ya Josaphat, iliyofunguliwa mwaka 1904, imekuwa ikifuga punda kama ukumbusho wa enzi hizo.

Tukirejea kwenye sheria yenyewe, msingi wake ni mabadiliko ya kanuni za barabarani yaliyoanza kutekelezwa nchini Ubelgiji tarehe 1 Julai 2022, wakati wa Georges Gilkinet, Waziri wa Uchukuzi wa serikali ya shirikisho. Kabla ya hapo skuta za umeme zilikuwa zikipita juu ya njia za watembea kwa miguu, mara nyingine zikiwa zimebeba watu wawili au watatu, na kutelekezwa popote safari ilipoishia. Mabadiliko hayo yalipiga marufuku kuendesha skuta juu ya njia ya miguu, yakapiga marufuku kubeba abiria, na yakaweka umri wa chini kuwa miaka 16, isipokuwa katika mitaa michache iliyotengwa kama ile inayofungwa ili watoto wacheze. Mwendo wa juu ulibakia kilomita 25 kwa saa. Kofia ngumu haikulazimishwa, jambo ambalo mpaka leo linatushangaza.

Hakuna mtu mwenye insafu anayeweza kusema kuwa mabadiliko hayo hayakuhitajika. Anayepita asubuhi kwenye njia nyembamba za miguu karibu na uwanja wa Liedts, akiwa na kigari cha mtoto mkono mmoja na mfuko wa soko mkono wa pili, anajua maana ya kuchomokewa na kitu kisicho na sauti kinachokwenda kasi kuliko baiskeli. Kipofu ndiye mwenye shida zaidi, kwani fimbo yake haiwezi kumwambia kwamba mtu fulani ameilaza skuta mlangoni mwa duka dakika tano zilizopita. Kwa hiyo hatuandiki haya ili kuitetea skuta. Tunaandika kwa sababu sheria hiyo imekwenda mbio mahala pamoja na kusimama kabisa mahala pengine.

Mahala ilipokwenda mbio ni kwenye skuta za kukodi. Mkoa wa Brussels, ambao masuala ya uchukuzi yamekuwa mikononi mwa Bi Elke Van den Brandt tangu mwaka 2019, ulikuwa na skuta za kukodi zaidi ya 20,000 zilizotapakaa mitaani. Mkoa ukazibana kampuni. Kasi ya skuta hizo ikateremshwa hadi kilomita 20 kwa saa, na chini zaidi katika maeneo ya watembea kwa miguu. Mwaka 2024 idadi yake ikawekewa kikomo cha 8,000, leseni zikatolewa kwa kampuni mbili tu, Dott na Bolt, na ikawa ni lazima skuta irejeshwe kwenye kituo maalumu kilichochorwa chini kwa rangi. Mwenye kukodi akitaka kuitupa kando ya njia, simu yake inakataa kuifunga safari na pesa zinaendelea kukatwa. Polisi hana haja ya kumfuata mtu yeyote, kwani chombo chenyewe kinajua kilipo, kampuni inajua nani amekipanda, na mkoa unajua ni nani wa kunyang'anywa leseni.

Mji wa Paris ulichukua njia kali zaidi. Katika kura ya maoni ya tarehe 2 Aprili 2023, asilimia 89 ya waliopiga kura walitaka skuta za kukodi ziondolewe, ingawa waliojitokeza hawakufika hata asilimia 8 ya wenye haki ya kupiga kura. Kufikia Septemba mwaka huo skuta hizo zilikuwa zimeondoka. Zilizobaki ni za watu binafsi, na hapo ndipo lilipo tatizo hata kwa Brussels.

Skuta ya mtu binafsi haina nambari ya usajili, na wala haiulizi umri wa anayeipanda. Mzazi anainunua dukani au kwa njia ya intaneti, inaletwa nyumbani ndani ya sanduku la karatasi, na kwenye sanduku pengine kuna picha ya kijana anayecheka. Kanuni ya miaka 16 inamhusu anayeendesha. Ubaya zaidi ni kwamba kuna skuta zinazouzwa waziwazi zikiwa na uwezo wa kwenda kilomita 40, 50 au hata 60 kwa saa, zikiambatana na sentensi moja yenye maandishi madogo kwamba chombo hiki ni kwa ajili ya matumizi katika ardhi ya binafsi. Sentensi hiyo hiyo ndiyo inayouza pikipiki ndogo za mbio na zile za magurudumu manne. Sasa na tuulize: katika manispaa yenye watu zaidi ya 16,000 kwa kila kilomita moja ya mraba, ni nani mwenye shamba la kuendeshea skuta ya kilomita 60 kwa saa? Muuzaji anajua kwamba hakuna, na mnunuzi anajua vilevile. Sheria imejifanya haijui.

Wengi wa ndugu zetu hawatambui nini hutokea pale skuta inapozidi kilomita 25 kwa saa. Machoni mwa sheria ya Ubelgiji, chombo hicho si skuta tena bali ni pikipiki ndogo, kwa maana kwamba kinahitaji usajili, bima ya lazima, leseni ya dereva na kofia ngumu. Polisi wana mashine yenye rola ambayo gurudumu hupandishwa juu yake na kasi halisi ikasomwa, kwa hiyo kusema kwamba 'mimi naendesha polepole' hakusaidii kitu. Kijana aliyetoka nyumbani na kile alichodhania ni mchezo anarudi na makosa manne kwa mpigo: hana usajili, hana bima, hana leseni, hana kofia. Chombo chenyewe kinaweza kukamatwa papo hapo.

Hilo la bima lina hatari kubwa zaidi kuliko faini, na tunaomba wasomaji walisome kwa makini. Skuta isiyozidi kilomita 25 kwa saa haihitaji bima ya gari. Ikimgonga mtu, anayelipa kwa kawaida ni ile bima ya familia ambayo Wabelgiji wengi wanayo, bima inayogharimia madhara ambayo wewe, mtoto wako au hata mbwa wako amewasababishia wengine. Tatizo ni kwamba bima hii si ya lazima, na mgeni aliyehamia Ubelgiji pengine hakuambiwa na mtu yeyote kwamba ipo. Skuta ikizidi kasi hiyo, bima ya familia hujiondoa kwa hoja kwamba chombo hicho kilipaswa kuwa na bima ya gari. Aliyegongwa hataachwa hivi hivi, kwani kuna Mfuko wa Pamoja wa Dhamana wa Ubelgiji unaowalipa waathirika wa vyombo visivyo na bima. Lakini Mfuko huo ukishalipa humgeukia aliyesababisha ajali na kumdai. Mguu uliovunjika wa mtu aliyelala hospitali na kukosa kazi miezi kadhaa ni deni linaloweza kuiandama familia kwa miaka mingi.

Na ni nani atakayedaiwa ikiwa aliyekuwa juu ya skuta ni mtoto? Tarehe 1 Januari 2025 kilianza kutumika Kitabu cha Sita cha Sheria mpya ya Madai ya Ubelgiji. Kwa mujibu wa kitabu hicho, wazazi wanawajibika kwa madhara yaliyosababishwa na mtoto wao aliye chini ya miaka 16 hata kama wao wenyewe hawakufanya kosa lolote. Huko nyuma mzazi aliweza kujitetea kwa kuthibitisha kwamba alimlea na kumwangalia mwanawe ipasavyo. Sasa utetezi huo umebakia tu kwa wazazi wa mtoto aliyetimiza miaka 16. Kwa maneno mengine, umri ule ule ambao chini yake mtoto haruhusiwi kupanda skuta ndio umri ambao chini yake mzazi hana pa kujifichia. Mama anayefanya usafi maofisini alfajiri, akamnunulia mwanawe wa miaka 13 skuta ili asichelewe shuleni, ameubeba mzigo huu wote bila kujua, na aliyemuuzia hakumwambia neno.

Tuje sasa kwenye suala la nani anayeitekeleza sheria hii. Ubelgiji ni nchi ya ngazi nyingi, na kwenye suala hili ngazi hizo zinaonekana vizuri. Kanuni za barabarani hutungwa na serikali ya shirikisho. Leseni za skuta za kukodi, idadi yake na vituo vyake ni kazi ya mkoa. Manispaa yenyewe ina uwezo mdogo juu ya chombo hiki: inashauriana kuhusu mahali pa kuchora vituo, inatunza usafi wa njia za miguu, na inasimamia Kanuni za Jumla za Polisi ambazo manispaa zote 19 zilikubaliana kuzifanya kuwa moja kuanzia tarehe 1 Aprili 2020. Lakini mtu akikasirishwa na skuta, mlango anaobisha ni wa manispaa, na polisi anayetumwa mtaani ni wa eneo lile. Schaerbeek iko pamoja na Evere na Saint-Josse-ten-Noode katika Ukanda wa Polisi wa Brussels Kaskazini, mmoja kati ya kanda sita za mkoa huo. Serikali ya shirikisho iliyoingia madarakani Februari 2025 ilitangaza kuwa kanda hizo zitaunganishwa kuwa moja, mpango uliozua upinzani mkali wa mameya wasiotaka kupoteza mamlaka yao juu ya polisi.

Kuna jambo la ajabu hapa. Ile faini ya kiutawala ambayo manispaa za Ubelgiji zinaruhusiwa kuwatoza watu wanaovunja kanuni zake, kwa mujibu wa sheria ya tarehe 24 Juni 2013, haimgusi kabisa aliye chini ya miaka 14, na hata kwa mwenye miaka 14 na zaidi ambaye bado ni mtoto, ni lazima kwanza apewe nafasi ya usuluhishi. Kuhusu makosa ya barabarani, aliye chini ya miaka 16 akishitakiwa hupelekwa mbele ya mahakama ya watoto, ambayo kazi yake ni malezi zaidi kuliko adhabu. Yaani vitabu vya sheria vya Ubelgiji vimejaa huruma kwa mtoto. Mtunga sheria alikaa akapima, akasema huyu bado mdogo, aelekezwe. Huruma hiyo yote inaanza kazi baada ya mtoto kukamatwa. Kati ya pale polisi anaponyoosha mkono na pale mtoto anaposimama, hakuna kilichopimwa namna hiyo, na ni katika nafasi hiyo ndogo ndipo watu wanapofia.

Brussels ilikuwa imeshaonywa. Tarehe 10 Aprili 2020, wakati wa vizuizi vya ugonjwa wa korona, kijana wa miaka 19 aliyekuwa juu ya pikipiki ndogo katika manispaa ya Anderlecht alikufa baada ya kugongana na gari la polisi alipokuwa akikimbia ukaguzi. Siku iliyofuata mitaa ya Anderlecht ilichafuka. Vijana wa Schaerbeek wanajua habari hiyo, na walipoona ya Ganshoren hawakuiona kuwa ni ajali ya kwanza. Kijana mwenye asili ya kigeni anayeona gari la polisi likipunguza mwendo huanza kupiga hesabu ambayo mwenzake wa kitongoji tajiri hajawahi kuipiga. Akiwa na miguu tu, pengine atasimama. Akiwa na injini chini ya miguu, kishawishi ni kikubwa. Wenye kupanga mbinu za polisi wanalijua hili vizuri kuliko sisi.

Kuna wanaosema kwamba polisi wakiacha kuwafuata wanaokimbia, basi kila mtu atakimbia. Hoja hii si ya kupuuzwa. Hata hivyo inasahau kwamba mwizi aliyempora mtu na mtoto aliyepanda skuta kabla ya umri wake hawapimwi kwa mizani moja. Gari lenye uzito wa zaidi ya tani moja linapoingia kwenye njia za bustani kumfuata mtu mwenye uzito wa kilo 40, hatari iliyoletwa na wanaoizuia imeshaipita ile iliyokuwa ikizuiwa. Mtoto wa mtaani hajifichi mbali. Kesho atapita pale pale, shule yake inajulikana, na mama yake yuko ghorofa ya tatu. Kubisha mlango huo jioni na kumweleza mama kuhusu Kitabu cha Sita kungefanya kazi kuliko ving'ora.

Fauka ya hayo, Schaerbeek yenyewe ina uzoefu mchungu wa kanuni zinazoshushwa bila maelezo. Mwezi Oktoba 2022, mpango wa kupunguza magari yanayokatiza mitaa ya makazi ulianza kutekelezwa katika mtaa unaouzunguka uwanja wa Verboekhoven, ambao wenyeji huuita Zizi la Dubu kwa sababu ya lile shimo ambamo treni hupita. Mkoa mzima wa Brussels ulikuwa umeshawekewa kikomo cha kilomita 30 kwa saa tangu tarehe 1 Januari 2021, isipokuwa kwenye baadhi ya barabara kuu, na mpango ule ulikuwa hatua nyingine katika njia hiyo hiyo. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri: hewa safi, utulivu, watoto wacheze. Wakazi wakaamka na kukuta barabara zao zimegeuzwa mwelekeo na vizuizi vimewekwa. Vizuizi vikang'olewa, kukazuka maandamano na makabiliano na polisi, na mwishowe manispaa ikausimamisha mpango huo. Wengi wa waliopinga hawakuwa maadui wa hewa safi. Walisema kwamba hawakuulizwa, na kwamba aliyechora ramani hafanyi kazi ya zamu usiku wala hapeleki bidhaa dukani kwa gari lake mwenyewe.

Wasomaji wetu walioko nyumbani watakuwa wameshaanza kutikisa kichwa, kwani kisa hiki kwao si kigeni. Nchini Kenya, serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, na kwa muda mfupi bodaboda zikaijaza nchi. Mlango wa duka ulifunguliwa kwa makusudi, na kwa nia njema ya kuwapatia vijana kazi, lakini mafunzo, leseni na bima viliachwa vije baadaye kwa miguu. Mwezi Machi 2022, baada ya genge la waendesha bodaboda kumdhalilisha mwanamke katika barabara moja ya Nairobi na picha zake kusambaa, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako wa nchi nzima. Pikipiki zikakamatwa kwa wingi, za waliohusika na za wasiohusika. Baada ya siku chache tu msako ukasitishwa, na waliokuwa wamepoteza pikipiki zao wakabaki na mikopo. Lamu nayo, ambayo Mji Mkongwe wake umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001 na ambayo vichochoro vyake vilijengwa kwa kipimo cha punda mwenye mzigo, iliona bodaboda zikiingia hadi ikabidi zipigwe marufuku ndani ya mji huo wa kale. Marufuku hiyo ilikuwa na faida moja juu ya ile ya Brussels: inakuhusu wewe mwenye chombo mahala fulani panapoonekana kwa macho, na kila mtu anajua kichochoro kinaanzia wapi.

Hatudai kwamba Lamu inaweza kuifundisha Brussels uchukuzi. Lakini kuna swali moja ambalo nchi zote hizi zimelikwepa, nalo ni la muuzaji. Ubelgiji haimruhusu mwenye duka kumuuzia mtoto sigara, na anayekiuka hutozwa faini yeye mwenye duka. Kwa nini basi anayeuza skuta ya kilomita 60 kwa saa kwa mtu anayeishi kwenye chumba cha ghorofa ya nne asiulizwe shamba la mteja wake liko wapi? Kwa nini sanduku lisiandikwe kwa herufi kubwa, kwa Kifaransa na Kiholanzi, kwamba aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi barabarani? Mkoa ulipozibana kampuni mbili za kukodi, utaratibu ulipatikana bila ya king'ora kulia. Kuwabana wauzaji kunahitaji serikali ya shirikisho, na kwa kiasi fulani Umoja wa Ulaya, kwani bidhaa zinazoingia soko moja haziwezi kuzuiwa na meya wa Schaerbeek hata akitaka. Kwa mtazamo wetu, hiyo ndiyo sababu hasa mzigo ukamwangukia mtoto. Yeye ndiye aliye karibu zaidi na mkono wa polisi wa mtaa, ilhali kiwanda na duka la intaneti viko mbali.

Kuna pia wanaopendekeza kwamba skuta zote zipewe nambari za usajili. Jambo hilo lina uzuri wake, kwa sababu nambari inamwezesha polisi kuandika na kuondoka zake badala ya kukimbizana. Lakini gharama yake itawaangukia wale wale wanaopanda skuta kwa sababu hawana uwezo wa kununua gari, na kama hakutakuwa na wajibu kwa muuzaji kuisajili skuta kabla haijatoka dukani, tutarudi pale pale. Wenye kulipa watakuwa watiifu, na wakorofi wataendelea kupita bila nambari.

Kwa sasa, na kabla hayo hayajaamuliwa, ndugu zetu wa Schaerbeek na manispaa jirani wana mambo wanayoweza kuyafanya wenyewe. Kabla ya kununua, uliza kasi ya juu ya chombo kama kilivyotoka kiwandani, na ukisikia zaidi ya 25, kirudishe kwenye rafu. Ikiwa skuta tayari iko nyumbani na kijana ana ustadi wa kuchezea programu zake ili iongeze mbio, fahamu kwamba alichokifanya kwa dakika kumi chumbani kimeifuta bima ya nyumba nzima. Mwenye umri chini ya miaka 16 anaweza kutumia baiskeli ya kawaida, ambayo haina kikwazo hicho cha umri. Bima ya familia huuzwa na kampuni za bima na hata benki nyingi za Ubelgiji. Unapokwenda kuichukua, muombe karani akuonyeshe kwa kidole ukurasa unaotaja skuta za umeme, na umuulize inasemaje iwapo aliyekuwa akiendesha ni mtoto ambaye hajafikisha miaka 16.